Nyumba ya Shefu na Madamu

Mama Parfait, jirani yangu hapa kambini Nakivale, hafugi sungura wa kula. Nalisema hilo mapema kwa sababu mimi ndiye niliyempa, na nilimpa wakiwa wachanga ili wanenepe tuwachinje Noeli. Akawapa majina. Wote ni majike, lakini mmoja akamwita Shefu kwa vile hataki mwenzake atangulie kula, na huyo mwenzake akawa Madamu. Mnyama akishaitwa Madamu, utamtia kwenye sufuria kwa moyo gani? Noeli tulikula maharage, nami nikanuna mpaka Mwaka Mpya.

Jina lake la ubatizo ni Madeleine, ila hakuna anayelitumia. Kwao Kivu Kusini, kama kwetu Burundi, mama huitwa kwa jina la mwanawe, na yeye huitwa hivyo kutwa nzima na watu ambao hawajamwona huyo Parfait hata siku moja. Walipotezana njiani wakikimbia vita, mtoto akiwa na miaka kumi. Mama mtu alipotoka kituo cha mapokezi cha Kabazana na kupewa kiwanja, alijenga vyumba viwili, akamwagiza Papa Appolinaire, seremala wetu, atengeneze kitanda cha mtoto. Kitanda hicho hakijalaliwa na mtu. Kila Jumamosi anafua shuka lake na kulitandika upya. Wakati fulani nilimwambia, kwa nia njema kabisa, kwamba chumba kile kingefaa kuwekea mahindi. Hakunisalimia mpaka mahindi yenyewe yakaisha.

Nyumba ya sungura aliijenga mwenyewe jikoni, kwa matofali ya udongo, fupi, karibu na mafiga. Kwao jiko halikosi dende, vile vinyama vidogo visivyo na mkia vinavyozunguka miguuni mwa mpishi vikiokota maganda. Dende hana haja na dari. Akiweza kupita, inatosha. Mama Parfait alifuga dende tangu utotoni, basi na sungura akawapimia kwa kipimo hicho hicho, na kwa kuwa walikuwa wachanga, waliingia wakabaki na nafasi ya kuchezea. Mimi mwenyewe nilimsifu.

Mwaka huu Shefu akaanza kupinda mgongo. Ukimtoa nje anakaa palepale, anakula majani anayoyafikia, basi. Mama Parfait naye akaacha kula. Nilimkuta amempakata, analia bila kujificha.

"Huyu akikufa, Mama Régis, nitabakia na nani wa kuongea naye mu hii nyumba?"

Ningeweza kumkumbusha kwamba mimi ninaongea, tena sana. Badala yake nikaenda kutafuta kikapu.

Tulimpeleka Mbarara, kwa daktari wa mifugo mwenye duka upande wa Kamukuzi, Mnyankole mmoja mpole aliyevaa gambuti. Alimpapasa mgongo na miguu, akatazama meno na kucha, kisha akamweka sakafuni. Shefu akaruka mara moja, akasimama kama aliyefika ukutani. Mbele yake palikuwa peupe hadi mlangoni.

"Nyumba yake iko kiasi gani?" daktari akauliza.

Mama Parfait akaonyesha kwa mikono, akasema wanakaa wawili.

"Na juu?"

Akaweka kiganja kwenye goti.

"Mama, masikio nakwenda wapi?"

Mama Parfait akatazama masikio ya Shefu.

"Hii hapana gonjwa. Nyumba nafunga yeye. Wewe najenga wakati iko mtoto?"

"Ndiyo."

"Sasa iko mkubwa. Pima mkubwa. Iruke mara tatu, hapana gusa ukuta. Isimame na miguu ya nyuma, masikio juu. Ilale, inyooshe miguu. Zote mbili pamoja. Ukifanya sasa, mgongo narudi pole pole. Ukingoja, hapana."

Njia nzima ya kurudi Mama Parfait alikodolea macho barabara. Nilidhani anawaza mbao.

Asubuhi yake Papa Appolinaire alikuja na mita. Jikoni hapakufaa. Uani, chini ya ukingo wa paa, palitosha, lakini mbao ndefu na ngumu hakuwa nazo, akasema tungoje mpaka zitoke Isingiro.

"Mbao iko," Mama Parfait akasema.

Akatuingiza katika kile chumba. Miaka yote hiyo sikuwahi kuvuka kizingiti chake. Akatoa shuka kitandani, akalikunja, akalishika kifuani.

"Pima hii."

Papa Appolinaire akapima, ingawa alikitengeneza yeye mwenyewe. "Kwa sungura inatosha. Nikiongeza miguu, nizungushe wavu, batasimama muzuri. Lakini Mama Parfait, mutoto akikuja?"

Nilimkanyaga mguu. Nikamkanyaga tena.

"Mutoto gani?" Mama Parfait akauliza.

Moyo ulinipasuka. Nilifikiri amekata tamaa, na kwamba nitabaki nikimwita kwa jina ambalo mwenyewe amelizika.

"Tulipimia mutoto wa miaka kumi," akasema. "Saa hii iko mwanaume, iko na ndevu. Akiingia leo, miguu yake itaenda wapi? Hii uwape sungura. Utanitengenezea ingine, ya mutu mukubwa."

"Ya urefu gani?"

Mama Parfait akamkagua seremala toka utosini hadi kwenye viatu, kisha akamwambia alale chini. Papa Appolinaire, mzee mzima mwenye wajukuu, akavua kofia na kujinyoosha sakafuni. Kwa kawaida ningecheka hadi mbavu ziniume. Siku hiyo nilishika ncha ya mita kisiginoni kwake huku machozi yakinidondokea mkononi, wala sikujali nani anaona. Akasoma kipimo kwa sauti.

Mama Parfait akatikisa kichwa.

"Baba yake alikuwa anakupita. Ongeza."