Alama Mpya ya Mtego

Siku ya kwanza kazini nilifika na viatu vya kuazima, kimoja kikubwa kuliko kingine. Watoto wa hapa Brussels mukisikia kazi munafikiria badge na horaire, ile ratiba ya saa. Kazi yangu mimi ilikuwa kuzuia watu. Nilitoka Uvira, nikaenda Bujumbura kuchezea timu ya bandari, wakati Urusi ingali Sovieti na inatutumia makocha pamoja na matrekta. Shule niliiacha mapema, donc mwandiko wangu muuvumilie.

Kocha tulimwita Kamarade. Mrusi mwenye shingo nene, chai yake anatia jamu, ile nayo ningeisimulia siku nzima. Bon. Aliangalia viatu vyangu, akasema, "Weye, libero." Libero ni beki wa mwisho: nyuma yake kuna kipa tu, na kosa lake uwanja mzima unaliona. Akanipa jezi namba tano.

Alitufundisha mtego wa hors-jeu, yaani kuotea. Mabeki tunasimama mustari mmoja, libero akipiga kelele "Vperiod!", yaani mbele kwa Kirusi, wote tunapanda pamoja, mshambuliaji anabaki nyuma yetu, kibendera kinainuka. Tuliurudia mpaka wake zetu wakalijua neno.

Ikafika fainali na timu ya jeshi. Katibu wa timu akanivuta pembeni. "Leo tukipoteza, namba tano inaenda kwa mutoto wa dada yangu." Hakutania. Mutoto mwenyewe alikuwa benchi, anapasha misuli.

Kumbe mshambuliaji wao alisomea Moscow! Nikipiga kelele, yeye anangoja kidogo, anarudi na sisi, halafu anachomoka. Akafunga. Akapita karibu yangu anacheka: "Asante, papa libero, Kirusi chako ninakisikia vizuri!"

Mapumziko nikawakusanya mabeki nyuma ya vyoo, Kamarade asituone. "Vperiod sasa ni uongo. Nikiitamka, mubaki. Nikivuta bukta, mupande."

"Na bukta ikianguka?" beki wa kulia akauliza.

"Mupande mbio zaidi."

Kipindi cha pili nilipiga kelele ya bure, yule bwana akarudi nyuma, sisi tumesimama tu, mpira tukauokota kama embe. Wenzetu wa mbele wakafunga mawili. Alors, mwisho kabisa, jeshi wote wako kwetu. Nikafunga mdomo. Nikavuta bukta. Tukapanda. Yule akapokea mpira peke yake, akamzunguka kipa, akafunga, akavua jezi akikimbia kwa mashabiki. Kibendera kiko juu.

Akanirudia na hasira. "Haukusema kitu!"

"Leo nimechoka kusema, kaka."

Filimbi ilipolia Kamarade akaingia uwanjani, amekunja uso. "Nani alikuruhusu kubadilisha?"

"Hakuna, Kamarade."

Akanishika kichwa, akanibusu mashavu yote mbele ya watu, halafu akamgeukia katibu. "Tano ni ya huyu." Niliivaa mpaka magoti yalipokataa, nikaivua kwa mkono wangu mwenyewe.

Leo naishi Jette, hapa hapa Brussels. Jumapili naenda mtaa wa Forest kuangalia vijana wetu wakicheza. Wananiuliza, "Papa, ulifunga magoli mangapi?" Hata moja. Wanacheka, nawaachia wacheke. Goli la yule bwana wa Moscow ndilo zuri kuliko yote niliyoyaona maishani, na halikuhesabiwa.