Msiba Uliomaliza Kesi ya Mikorosho

Harufu ya mabibo yaliyooza chini ya mikorosho ndiyo iliyojaa Mitole msimu ule baba alipomshtaki dada yake, na mpaka leo nikiinusa naona aibu. Babu alikuwa amefariki na kuacha shamba. Shangazi Zuhura, aliyelipalilia miaka yote, aliendelea kuokota korosho zake. Baba akaenda mahakamani kudai kwamba lote ni lake. Huyo shangazi ndiye aliyemlea baba baada ya bibi kufa. Akipita uani kwetu baba aligeukia ukutani, nasi watoto tukamwamkia kwa kunong'ona. Shangazi akishindwa kesi, yeye na binti yake Asha wangebaki hawana pa kulima.

Kabla ya kuanza kuisikiliza kesi, hakimu aliwaambia wakajaribu kupatana nyumbani. Wazee walikaa nao wakachoka, maana baba alikuwa mbishi kupita kiasi. Siku ya kurudi mahakamani ilipokaribia, asubuhi moja tulisikia mayowe ya msiba yakija njiani. Alikuwa Bi Somoe, mtani wetu, yule ambaye tukifiwa huja kuigiza vituko vya marehemu mbele ya wanaolia, na hakuna ruhusa ya kumkasirikia. Aliingia uani kanga kajifunga kiunoni, akajibwaga chini na kugaragara. Majirani walikuja mbio.

"Kafa nani jamani?"

"Undugu wa humu ndani!" akalia Bi Somoe. "Umekufa, unanuka, na wenyewe hawataki kuuzika! Nipeni jembe nichimbe hapa hapa mlangoni. Na wewe Selemani, mfiwa gani wewe, hata dada yako hujampa habari?"

Watu walicheka mpaka machozi yakawatoka. Mimi nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Bi Somoe alichukua jembe letu kweli, akaanza kuchimba. Baba akavaa kandambili na kutoka kichwa chini. Alirudi na shangazi.

"Dada, nimekosa," alisema mbele ya watu wote.

"Nimekusikia. Mwambie kwanza mtani wako aache kutoboa uwanja."

Walikubaliana shangazi achukue upande wa kisimani, baba wa barabarani. Wakarudi kwa hakimu pamoja, makubaliano yakaandikwa, kesi ikaisha bila kusikilizwa. Shuleni tuliitwa wafiwa mpaka msimu ukaisha.

Baba na shangazi sasa hawapo, na mwaka jana mimi na Asha tuligombania mpaka wa shamba lile lile. Mimi ndiye niliyefungua shauri. Nalo halikusikilizwa: mawakili walipigiana simu, yeye akatia sahihi Lindi, mimi Dar es Salaam, kistaarabu kabisa. Hatukuonana. Wakili wangu alinipongeza kwa kumalizana na upande wa pili bila kelele. Nilimshukuru, nikaona haya kumwambia kwamba huo upande wa pili ndio ulionisuka nywele mpaka nilipoolewa.