Kurasa Nilizompakia Shangazi Rangi

Kile kiwanda cha Mikocheni kilipouzwa, mwenye mali mpya aliletewa waraka kutoka nje kwa kompyuta, akauchapa: kurasa mia kasoro kidogo, Kiingereza kitupu. Kila idara ikapewa nakala moja. Wafanyakazi wausome kwa zamu, siku mbili mbili, halafu mtihani, atakayeshindwa, kwaheri. Shangazi yangu, aliyenilea tangu nikiwa mdogo, alikuwa stoo. Walikuwa wawili tu, yeye na mwanamume mmoja jirani yetu huku Mbagala, na tetesi zilishafika kwamba atabaki mmoja.

Mie nilikuwa kidato cha tatu na nilijiona hasa. Shangazi aliishia darasa la saba, Kiingereza kilimpiga chenga. Akaniwekea ule waraka mapajani. "Mama, nisomee wewe. Nionyeshe tu pa kushika, mengine nitapambana nayo."

Nilikuwa na kalamu nene ya rangi ya chungwa, ile ya kupaka juu ya maandishi. Siku nzima nilipita nayo kwenye kila sentensi yenye uzito, na pembeni nikaandika: "Hii wataiuliza." "Hii kariri yote." Mpango wangu ulikuwa nipake kwanza, halafu tutoe kopi, ili abaki na maandishi na alama zangu pamoja. Nani kama mie.

Asubuhi zamu ya shangazi ilipoisha, nikaupeleka kwenye duka lenye mashine ya kopi. Mwenye duka alipekua kurasa, akaguna. "Sista, mashine hii rangi haiipendi." Nikamwambia atoe tu, nina haraka, maana waraka ulitakiwa kurudi kazini kabla ya saa nne. Nikauwahisha hadi getini, shangazi akamkabidhi mwenzake palepale. Kopi sikuzitazama.

Nilizifungua nyumbani. Kila nilipopaka rangi palitoka peusi tii, mstari mzima, kama masizi ya sufuria. Yale yasiyo na maana yalisomeka vizuri sana. Mwandiko wangu nao ulisomeka pembeni: "Hii kariri yote."

Shangazi aliporudi alizipeleka dirishani, akazigeuzageuza kwenye mwanga ukurasa mmoja mmoja. Akaenda kwa mwenzake kuomba ule waraka walau saa mbili, akarudi mikono mitupu. "Siku zake ni mbili tu," alisema. "Hata mimi nisingempa."

Nikajitahidi kukumbuka nilichopaka. Nilikumbuka vipande, vingine nadhani nilivitunga, na yeye alivikariri vyote kwa sauti huku akimenya mihogo. Wiki nzima nilimsikia akirudia makosa yangu kwa bidii, na niliogopa kumwambia anyamaze.

Jumapili baada ya mtihani, majina ya waliofaulu yalipokwisha kubandikwa, jirani alikuja na mkungu wa ndizi. Nikamwamkia, akaitikia huku akinikazia macho.

"Ni wewe uliyepaka rangi ule waraka? Mie nilisoma zile za rangi tu, mwanangu. Zimetoka zote."

Shangazi, ambaye kesho yake hakuwa na kazi ya kwenda, alipokea zile ndizi kwa mikono miwili.

"Ndiye huyu," akamwambia. "Ana akili sana huyu mtoto."