Bibi, Hili Si la Kimeo

Najua mdogo wangu alipona mwaka ule, bibi. Hakuna anayebisha kwamba alipona. Ninachosema ni kwamba koo lile lingepona hata kama tungelipaka masizi, kwa sababu koo huwa linapona lenyewe, na ndiyo maana wakata vimeo hawakosi sifa. Mtoto anakatwa, wiki inapita, anakula ugali, watu wanasema ni mkono wa fundi.

Hivyo ndivyo nilivyomjibu bibi leo jioni, nimesimama mlangoni kwake, sijampa hata shikamoo. Mama alinitazama kwa hilo. Lakini nilikuwa nimeshasikia kwamba bibi ameongea na yule mkata vimeo, mzee wa mtaa wa pili, na kwamba kesho saa tatu atapita nyumbani na vifaa vyake amkate kitindamimba wetu kimeo, kile kinyama cha kooni, ili mchana tupande mkokoteni wa ng'ombe twende shamba na mtoto hana tena tatizo la koo. Nikaona salamu itasubiri.

Kitindamimba ana miaka minane. Jana alirudi shule hakutaka kula, na sisi tulikuwa na perege wa kukaanga, chakula ambacho kwa kawaida inabidi tumzuie. Akimeza mate anakunja uso. Shingo imevimba chini ya taya pande zote mbili, na mwili unachoma. Nilimwambia afungue mdomo, nikamulika na tochi ya simu. Nikaona mafindofindo mekundu yenye madoa meupe. Bibi akainyakua simu, akamulika palepale, akasema kimeo hiki kimeshuka mpaka kwenye ulimi, huoni? Mdomo ni huohuo na tochi ni hiyohiyo.

Ninaandika haya kwa sababu sitaki kesho nikiamka niwe nimelegea. Mimi nikilala na hasira naamka nayo vizuri, lakini nikilala na huruma naamka sina nguvu, na leo nalala na vyote viwili.

Aliyekatwa kimeo mwaka ule ni mdogo wangu anayenifuata. Naye alikuwa na umri kama huu wa kitindamimba, na koo lilikuwa hivihivi. Alikatwa nyuma ya nyumba, kwenye kigoda, mama amemshika mikono na bibi kichwa. Siku kadhaa aliongea kwa kunong'ona, akawa anakunywa uji uliopoa, na sisi tukawa tunanong'ona naye, tunacheka. Akapona. Wiki chache baadaye goti likavimba. Likapona goti, likavimba la pili. Kisha kiwiko. Maumivu yalikuwa yanahama kama mgeni asiyependa kulala nyumba moja mara mbili. Tulikuwa shamba, ng'ambo ya mto, msimu wa kuamia ndege wasile mpunga, na bibi akasema ni baridi ya majaruba, mtoto anasimama sana kwenye maji. Akamkanda kwa maji ya chumvi kila jioni. Nayo ikapita. Hakuna aliyekumbuka koo. Nani angefikiria goti na koo ni ndugu?

Miaka ikaenda. Mdogo wangu akawa mrefu kuliko mimi, akaingia kwaya ya kanisani, akapewa sauti ya kwanza. Dalili ya kwanza tuliiona huko, na hatukujua ni dalili. Ile noti ndefu ya mwisho akawa anaikata katikati. Mwalimu wa kwaya akamsema kwamba anaimba kivivu, akamrudisha safu ya nyuma. Alilia siku hiyo, akaapa hatarudi kwaya, Jumapili iliyofuata akawa wa kwanza kufika. Baadaye nikaona anakokota baiskeli. Kukokota baiskeli Ifakara ni kichekesho, mji wetu ni tambarare kama meza, hata vizee vinapita na magunia ya mkaa vikiwa vimekaa kitini. Nikamtania kwamba amekuwa mama mjamzito. Akasema moyo unampiga kama umefukuzwa.

Kisha kikaja kikohozi. Mchana kinatulia, akijinyoosha kitandani kinaanza. Akawa analala ameketi, ameegemea magunia ya mpunga yaliyopangwa chumbani kwetu. Asubuhi shavu lake lina alama za katani. Bibi alipomsikia akasema kimeo kimeota tena. Safari hiyo baba alikataa. Miguu ilikuwa imeanza kuvimba, ukibonyeza kwa kidole shimo linabaki, na majirani walisema ni matende au ni maji ya shamba. Baba akasema matende hayamfanyi mtu alale ameketi. Akampakia kwenye bajaji, nami nikaingia.

Hospitali daktari alimsikiliza kifua muda mrefu, kisha akampaka mafuta baridi na kumpitishia kile kipimo cha moyo chenye skrini. Akatugeuzia tuone. Mimi baiolojia niliipenda, nilichora moyo mara nyingi sana kwenye daftari, bluu upande mmoja nyekundu upande wa pili, na nilijua kwa kichwa kwamba damu iliyotumika inaingia kulia, inasukumwa kwenye mapafu kuchukua hewa, inarudi kushoto, inasukumwa mwili mzima, na kati ya chumba na chumba kuna vali, milango inayofunguka upande mmoja tu. Lakini ule wa daftarini haukuwa unatikisika. Huu ulikuwa unapiga mbele yetu, na mlango mmoja wa upande wa kushoto ulikuwa unajaribu kufunga na haufungi. Kila pigo damu nyingine inaenda mbele na nyingine inarudi ilikotoka. Inayorudi inajaa nyuma, kwenye mapafu, ndiyo maana anakohoa akilala. Baadaye inalundikana mpaka miguuni. Moyo unapiga mara mbili kwa kazi moja, na mwishowe unatanuka na kuchoka.

Daktari akauliza kama utotoni aliwahi kuumwa koo vibaya, na baadaye viungo. Baba akaigeukia simu, maana tulikuwa tumempigia mama. Mama akasema kwa spika, ndiyo, alikuwa na kimeo, tukakata. Daktari hakusema neno baya. Aliweka kalamu chini tu, akavua miwani.

Alituelezea polepole. Kuna wadudu wa koo ambao mwili ukipigana nao unachanganyikiwa. Wadudu wanaisha, askari wa mwili wanaendelea kupiga, wanapiga viungo, wanapiga milango ya moyo. Viungo vinapona, milango inabaki na makovu, inakakamaa. Wanaita homa ya baridi yabisi. Dawa yake ilitakiwa mwanzoni kabisa, penisilini, wakati koo lina madoa. Ni dawa ya kawaida, ipo hata zahanati.

Mdogo wangu aliyapokea haya vizuri kuliko sisi sote. Uani tuna bomba la kupampu, na wakati ule mpira wake wa ndani ulikuwa umechoka, unapampu maji yanapanda nusu yanashuka, mpaka mkono unauma ndipo ndoo inapata kidogo. Alikuwa anakaa kwenye kigoda, ananiangalia nahangaika, anasema, "Usilitukane, dada. Mimi na hilo bomba ugonjwa wetu mmoja." Fundi alipokuja kubadilisha mpira, mdogo wangu akamuuliza kama watu pia anatengeneza. Yule kaka akacheka, akasema alete tu, atamwekea mpira wa trekta. Kumbe hata huko Dar wanachofanya si tofauti sana, wanafungua kifua na kuweka mlango mwingine. Tuliandikiwa rufaa. Tukawa tunasubiri tarehe. Kila mwezi sindano ya kuzuia koo lisirudi, inauma kiasi kwamba alikuwa anatembea kama bata mpaka jioni, na kila siku vidonge vya kupunguza maji, ambavyo vilimfanya asikae Misa nzima bila kutoka mara tatu. Alisema siku akifika mbinguni ataulizia kwanza choo kiko wapi.

Tarehe haikufika. Alifariki wodini mchana, ameketi, mgongo wake uko kifuani kwangu kwa sababu mito haikutosha. Nilikuwa nahisi moyo wake mgongoni, unakimbia, unajikwaa, unakimbia. Kisha nikawa nahisi wa kwangu tu. Sijui kuandika zaidi ya hapo. Mpunga ulikuwa unatoa masuke. Bibi alikuja msibani kwa miguu kutoka shamba, akakaa chini karibu na jeneza, akaimba peke yake, kwa Kipogoro, ule wimbo aliokuwa anawabembelezea wote waliozaliwa nyumba hii.

Sasa bomba linatoa maji kwa mpigo wa kwanza. Mimi nachota kwa jirani.

Ndiyo maana leo nilisimama mlangoni bila salamu. Bibi alinijibu kwa utulivu, na utulivu wake ndio unanishinda. Akasema mbona mimi mwenyewe nilikatwa kimeo, tena kwa fundi huyohuyo, na niko hapa nampandishia sauti? Mbona mama alikatwa? Mbona nusu ya kwaya haina vimeo na wanaimba? Ni kweli. Mimi kimeo sina. Nikifungua mdomo kwenye kioo naona pengo tu. Nikamwambia si kila koo linashuka moyoni, mengi hayashuki, na kwa kuangalia tu huwezi kujua lipi, hata mimi sijui. Ndiyo maana mtu anampeleka mtoto apimwe na apewe dawa, amalize dozi, hata kama homa imeshapoa. Akasema hospitali tulimpeleka yule mwingine na alirudi kwenye sanduku. Nikasema tulimpeleka amechelewa miaka. Akasema hayo ni maneno ya shule. Nikasema, bibi, kidonda chenyewe unakiona wapi, kimeo kinaning'inia tu pale, wadudu wako pembeni, unakata mlango unawaacha wezi.

Nilikuwa nashinda. Nilijua nashinda kwa sababu alianza kufunga na kufungua kona ya kanga yake. Kisha akaniuliza, kwa sauti ndogo sana:

"Kwa hiyo unaniambia yule mtoto nimemuua mimi."

Hilo ndilo nililokuwa naligomea tangu siku ya daktari. Tangu msiba hakuna aliyemwambia bibi ilikoanzia. Tulimwambia moyo, tukaishia hapo. Baba aliamua hivyo, na tukakubali, maana mtu wa umri ule unampa mzigo huo aupeleke wapi? Lakini ukimwachia bibi amani yake, kesho saa tatu wembe unaingia mdomoni mwa kitindamimba, mchana yuko kwenye mkokoteni, na kutoka huko shamba mpaka zahanati mvua ikinyesha hakuna njia. Sikuweza kuwalinda wote wawili. Na sikuweza pia kusema ndiyo. Wembe haukumuua. Ila tulipoona wembe umemaliza kazi, sote tuliacha kutafuta. Haya nayaandika sasa kwa kirefu.

Pale mlangoni aliyesema ni mama. Alikuwa nyuma yangu muda wote, ana sufuria mkononi, alikuwa anafunga vyombo vya shamba. Tangu msiba mama haingii kwenye ubishi wowote, hata wa chumvi.

"Mama," alimwambia bibi, "mikono niliishika mimi. Alinambia anaogopa, nikamshika zaidi. Kama ni kuua tuliua wote, na tulikuwa tunampenda. Huyu sitamshika."

Bibi akainuka. Nilidhani anatufukuza. Akapita katikati yetu, akaenda mpaka kwetu uani, akamkuta kitindamimba amelala mkekani, akamwekea mgongo wa mkono shingoni na kuuacha pale. Akasema anachoma. Kisha akasema yeye mwenyewe atamwambia yule mzee asije. Akarudi kwake, akafunga mlango mapema, na hakuja kula. Nilimpelekea chakula. Alipokea kwa dirisha. Nilimpa shikamoo, ile niliyomnyima jioni, akaitikia marahaba, lakini hakuniita mjukuu wangu kama anavyoniitaga.

Mkokoteni utaondoka kesho mchana na mama na mbegu. Baba ameshatangulia, atapewa taarifa. Mimi na kitindamimba tutabaki, na sehemu yetu ya mpunga tutaipanda tukiwa tumechelewa, na ndege watatucheka.

Kesho nikiamka naenda kwanza mlangoni kwa bibi, kabla ya kuwasha moto. Nitamsalimia vizuri. Nitamwomba avae kitenge chake cha Jumapili na apande bajaji na sisi twende hospitali, akae katikati. Daktari akiuliza koo lilianza lini, aeleze yeye, maana ndiye aliyelea makoo yote ya nyumba hii, na akiuliza la yule mwingine, aeleze yeye pia, kwa mdomo wake, na mimi ninyamaze. Na wakisema ni sindano, mikono ya mtoto aishike bibi.