Sweta la seremala, kiporo cha miaka kumi

Saa tatu asubuhi ya Jumamosi, vioo vya duka la kufulia nguo karibu na soko la Walthamstow, London, vimefunikwa na mvuke. Nje ni Januari, watu wanapita mabega yamepanda masikioni. Ndani kuna joto. Kwenye benchi lililo jirani kabisa na mashine za kukaushia amekaa Haika Swai, miaka hamsini na moja. Amevua viatu, miguu ameiweka juu ya kapu la nguo, anafuma.

Haangalii mikono yake. Anaangalia mashuka yake yanavyozunguka, midomo inahesabu vitanzi.

"Usinisemeshe mpaka nimalize mstari," anasema. Anamaliza, anageuza sindano. "Haya, sema sasa."

Anachofuma ni mkono wa kushoto wa sweta la kahawia. Sweta hili lilianza Novemba 1993. Leo ni Januari 2004. Mwenye sweta ni mumewe, Humphrey Swai, fundi seremala wa Machame, ambaye anatua Heathrow Jumanne tarehe 10 Februari. Zimebaki siku kumi na saba, na Haika ameapa kwamba mumewe hatoki uwanja wa ndege bila sweta hilo mwilini.

Hawajaonana tangu mwaka 1992.

"Nimeshindwa kumpa mambo mengi," anasema. "Sweta hili sishindwi."

Haika anasafisha ofisi, saa kumi alfajiri mpaka saa tatu, siku tano kwa wiki, kwa pauni nne na nusu kwa saa. Jumamosi ni yake. Anakuja hapa na mfuko wa nguo chafu na mfuko wa sufu, na nguo zikishakauka bado anakaa. Wenzake wawili wanakaa naye: Peris, mama wa Kenya anayehudumia wazee, na Placida wa Iringa, anayefanya kazi jikoni kwenye hospitali moja.

Zamani walikuwa wanakaa kwenye ukumbi wa mtaa, bure, na chai ipo. Ukumbi ulifungwa miaka miwili iliyopita. Mlangoni pamebandikwa karatasi inayosema matengenezo, na tangu hapo hajaonekana fundi hata wa kupima kuta. Wakubwa wenye funguo nyumbani kwao kuna joto, haraka ya nini? Kwa hiyo akina mama wanaotunza wazee wa mji huu wanaota moto kwenye mashine za kukaushia nguo.

Lakini ukiwaangalia huwezi kuwahurumia. Wanacheka mno.

Oktoba iliyopita watatu hawa waliwekeana sharti: hakuna kununua sufu mpya mpaka kila mmoja amalize alivyoviacha njiani. Wanaviita viporo, kama ugali wa jana. Placida alikuwa na viwili, Peris vinne. Haika alivuta mfuko kutoka chini ya kitanda akahesabu saba.

"Nilikuta soksi moja," Haika anasema. "Moja! Mwenzake sikumfuma. Nikajiuliza nilikuwa namfumia nani, mtu wa mguu mmoja?"

Soksi ilipata mwenzake. Kofia aliyoianza kwa mtoto wa Peris ilimalizwa pia, ingawa mtoto mwenyewe sasa anamzidi mama yake urefu. Kofia ikaenda kwa mtoto mwingine kanisani. Ikafuata shali, ikafuata blanketi la kitanda ambalo lilikuwa limekwama kwenye rangi ya tatu. Kufika Krismasi viporo sita vilikuwa vimekwisha. Kikabaki hicho kimoja ambacho mkono ulikuwa unakiruka kila alipofungua mfuko.

Haika aliingia London mwaka 1992 na familia iliyomwajiri kulea watoto. Familia ikarudi, yeye akabaki, na karatasi zake za ukaazi zikabaki mezani kwa watu wa uhamiaji. Humphrey alikuwa amfuate baada ya mwaka mmoja. Ndiyo maana, baridi ya pili ilipoingia, Haika alimwandikia mumewe: nitumie vipimo vyako, nikufumie sweta la kupokelea.

Bahasha iliyorudi haikuwa na namba hata moja. Ndani ilikuwa na kamba ya katani yenye mafundo. Kutoka mwanzo mpaka fundo la kwanza ni kifua. La pili mkono, la tatu mgongo. Seremala alijipima mwenyewe kwa kamba, kama anavyopima mlango.

Haika anaitoa kamba hiyo mfukoni. Imefubaa, imekuwa laini kama utambi.

"Nilipoinyoosha kwenye kifua nikashtuka," anasema. "Nilimwacha mtu mwembamba. Nikasema kumbe mimi huku nalala na makoti matatu nimekonda kwa mawazo, mwenzangu ananenepa!"

"Ukakasirika," Peris anasema.

"Nilikasirika, lakini nikafuma."

Alifuma mgongo wote na nusu ya kifua. Ndipo ikaja barua ya kwanza ya kukataliwa viza, mwaka 1994. Ya pili ilikuja 1998. Ilisema hawakuridhika kwamba mwombaji atarudi kwao. Mtu ana nyumba, ana karakana, ana binti, Aikande, shuleni, lakini hawakuridhika. Aliyeandika sentensi hiyo alifunga faili, akavaa koti, akaenda kula na mkewe. Haika alichomoa sindano, akazungusha sufu, akasukuma mfuko chini ya kitanda.

Mwanamke wa namna hiyo huwezi kumwita mjane, mume yupo hai. Lakini anayejua kulala upande mmoja wa kitanda anajua kwamba tofauti ni ndogo. Heri yake Haika, wa kwake anakuja.

Karatasi zake mwenyewe zilitoka 2002. Ilibidi achague: nauli ya kwenda kumwona mumewe wiki tatu, au gharama za kumleta moja kwa moja. Alichagua la pili. Jibu la kukubaliwa lilikuja siku mbili baada ya Mwaka Mpya, na jioni hiyo hiyo mfuko ulitoka chini ya kitanda.

Sufu ilikuwa imepungua, na rangi ile haitengenezwi tena. Aliyemwokoa ni Mansukh, mzee Mhindi mwenye meza ya sufu na vifungo pale sokoni. Mansukh alizaliwa Mwanza na Kiswahili chake hakijapauka.

"Dada, rangi hii ilikufa zamani," alimwambia. Kisha akainama chini ya meza, akakohoa na vumbi, akaibuka na mabonge manne. "Lakini mimi sizikagi haraka."

Rangi ya mabonge yale imekolea zaidi kidogo kuliko ya zamani. Haika anafuma mistari miwili ya zamani, miwili ya mpya, ili jicho lisikamate mahali miaka ilipoungana. Ukitaka kupaona inabidi usogee dirishani.

Sasa ni saa nne na nusu. Placida anachukua kipande cha mgongo, anakinyanyua kwa mikono miwili. Kinamficha mwili wote, mpaka magoti.

"Mama Aikande," anauliza akiwa nyuma ya kipande hicho, "huyu ni mume au pazia?"

"Weka chini."

"Nauliza tu. Huyu akikaa kwenye ndege atalipa viti viwili."

Peris anacheka mpaka anadondosha kitanzi. Haika naye anacheka, lakini macho yako kwenye kamba. Hili limekuwa likimla tangu wiki iliyopita. Picha anazotumiwa na Humphrey ni za pasipoti, uso peke yake. Sweta likiwa kubwa kupita kiasi, hakuna siku za kufumua na kuanza upya. Anasimama, anafuta mikono kwenye sketi, anakwangua kadi ya simu.

"Namuuliza. Leo namuuliza."

Humphrey anaongea kwenye simu kama aliyesimama ng'ambo ya bonde, kwa hiyo benchi zima linasikia.

"Mama Aikande! Umeamkaje?"

"Salama, Baba Aikande. Nakuuliza kitu, unijibu vizuri. Ile kamba uliyonitumia."

"Kamba gani?"

"Ya kifua. Mwaka tisini na tatu."

"Aaa! Ile ni sawasawa. Mimi seremala, mama. Kipimo changu hakikosei."

"Siku ile ulijipima umevaa nini?"

"Nguo."

"Nguo gani, Humphrey?"

"Shati. Na koti."

"Koti?"

"La harusi. Na fulana nzito ndani. Si uliandika mwenyewe kwamba huko mtu anavaa nguo tatu tatu? Nikajua sweta litakuja juu ya zote."

Placida ameshaegemea mashine, machozi yanamtoka. Mzee mmoja Mwingereza aliyekuja na fulana zake anatabasamu bila kujua anatabasamia nini. Haika amefunika macho kwa kiganja.

"Baba Aikande! Miaka kumi nakulaumu umenenepa!"

"Mimi? Mimi ni yule yule."

Hapo inaingia sauti nyingine kutoka nyuma, ya binti yao Aikande, ambaye mama yake alimwacha na miaka kumi na mitatu na leo ana ishirini na minne. "Mama, usimsikilize! Mkanda wake ameutoboa matundu mawili mapya!"

"Matundu ya upande gani?" Haika anapaza sauti. "Ya kulegeza au ya kukaza? Aikande! Amenenepa au amekonda?"

Kadi inaisha.

Wanawake watatu wanaitazama simu. Peris ndiye wa kwanza kusema: "Sasa hapo ndipo tumerudi kwenye kamba."

Haika anarudi benchini. Anatandaza mgongo mapajani, anauangalia. Mashine ya mashuka inasimama na hakuna anayeinuka.

Jumatano, chumbani kwake, anasimulia kwamba alipiga tena Jumapili baada ya kanisa. Simu aliipokea Humphrey mwenyewe, na alipoulizwa habari za mkanda alijibu neno moja: "Utaona."

"Ana maringo," Haika anasema. "Ana miaka hamsini na tisa na ana maringo."

Chumba ni kimoja, na ukungu unapanda ukutani nyuma ya kabati. Mwenye nyumba ameandikiwa, halmashauri imeandikiwa, na ukungu umeongezeka. Haika ameusugua kwa siki, akatundika juu yake lile blanketi la rangi tatu. Sahani zimekuwa mbili. Kitanda kimesogezwa katikati ya chumba, kimepata njia pande zote mbili.

Kitandani kuna sweta, karibu lote. Mikono yote imekwisha, kola imekwisha, mabega yameshonwa. Lakini pembeni, kutoka kwapani mpaka chini, liko wazi kulia na kushoto. Ukilinyanyua linaning'inia kama aproni mbili.

"Hapo sishoni," anasema.

Anaeleza taratibu, kidole kikipita ukingoni. Kama Humphrey amejaa, atashona ukingoni kabisa, na upana ule wa koti la harusi utatumika wote. Kama amekonda, ataingiza pindo ndani, hata vidole vinne kila upande. Sufu ina huruma, haidai kukatwa.

"Niliujua mwili wake kama ninavyojua chumba hiki," anasema. "Ilinibidi niulize kwa kamba, niulize kwa mtoto, niulize kwa simu. Nimechoka kuuliza."

Basi kwenye pochi yake, pamoja na tiketi ya basi na kitambaa, ameshatia sindano nene ya kushonea na uzi wa kahawia uliokwisha kukatwa, vipande viwili, kimoja kwa kila upande. Ameomba ruhusa kazini siku ya tarehe kumi. Msimamizi alimpa nusu siku, kama anayetoa figo. Haika atachukua nzima.

Peris na Placida wanataka kumsindikiza, wamekatazwa. Wataliona sweta Jumamosi inayofuata, duka la kufulia, likiwa limevaliwa. Hapo sharti la viporo litakuwa limekwisha, na Haika ameshachagua sufu mpya kwa Mansukh. Ni ya rangi ya zambarau, na ni ya sweta lake mwenyewe, la kwanza tangu aingie nchi hii.

Lakini kwanza Heathrow. Ameshaambiwa kwamba kwenye mlango wa kutokea kuna viti, na watu ni wengi.

"Waache watuangalie," anasema, anakunja sweta kwa uangalifu, pembeni kwa pembeni. "Ataweka begi chini, atavua hilo koti lake, atainua mikono, nitamvalisha hapo hapo. Nitaanza kushona kwapani, nishuke. Safari hii nampima mwenyewe."