Kaptula na Kamba ya Kukhu

Rangi kuukuu ya gari ikiguswa na grainda, mashine ya kukatia chuma, hutoa harufu ya sukari iliyoungua, na nyuma yake huja harufu nyingine, ya chuma chenye moto. Hiyo ndiyo harufu ya likizo yangu ya Agosti nilipokuwa na miaka kumi. Tuliishi mtaa wa Kongo, Kawangware, Nairobi, chumba kimoja chenye kibanda mbele yake, na humo kibandani baba alitengeneza vitanda. Nyuma ya nyumba, juu ya mawe manne, lilikaa gari la marehemu babu, gari la Kifaransa lenye pua ndefu na rangi ya maziwa. Alipewa na tajiri wake baada ya kumwendesha kwa miaka mingi. Babu alilipenda gari lile kuliko alivyotupenda sisi, wala sisemi hivyo kwa uchungu, ndivyo ilivyokuwa. Alipofariki, kuku walihamia kiti cha mbele, mama akawa anaanika nguo juu ya boneti, na baba akawa analizunguka kila asubuhi akienda kutafuta mkokoteni wa kupelekea wateja vitanda vyao. Mvua ikinyesha, mkokoteni haukupatikana, na kitanda kilicholowa hakuna anayekitaka.

Siku moja baba aliacha kulizunguka. Alisimama, akalitazama, akasema litakatwa liwe pikapu. Fundi alikuwa Ochieng', jirani yetu, mtu mwembamba aliyefanya kazi jua kali kando ya barabara na ambaye hakukubali kamwe kwamba kuna chuma kisichoweza kuungwa na chuma kingine. Alipata pikapu ya ukoo uleule iliyogongwa ikapondeka pua lakini mgongo ukabaki mzima. Kutoka kwenye pikapu hiyo angechukua ekseli na springi za nyuma, ukuta wa kebini pamoja na kioo chake, na mlango wa nyuma wa kufungukia chini. Taa angezitoa kwenye basi dogo lililokuwa limekufa. Boksi lenyewe angelichomelea upya kwa vyuma na mabati ya pikapu hiyohiyo, kwa urefu wowote ambao baba angetaka. Palibaki ruhusa tu, maana gari lilikuwa la mume wa Kukhu.

Kukhu ndiye nyanya yangu, mama yake baba. Aliishi Kambi Muru, Kibera, akiuza mboga za kienyeji mlangoni pake, na alikuwa mrefu kuliko wanaume wengi wa ploti yao. Kila mlango aliingia akiwa ameinamisha kichwa, hata ile iliyomtosha. Baba alipomweleza habari za kukata gari alisema, "Mkate. Lakini hiyo boksi initoshe nikilala. Siku yangu ikifika sitaki kupelekwa nyumbani na gari ya watu." Baba hakushtuka. Watu wetu wa Magharibi mwa Kenya huizungumza safari hiyo ya mwisho kama wengine wanavyoizungumza Krismasi, nani atakuja na nani atapika. Mimi ndiye niliyeshtuka, kwa kuwa hadi siku ile sikuwa nimefikiri kwamba Kukhu ana mahali pengine pa kwenda.

Sasa ilibidi apimwe, na hapo pana mwiko. Mtoto hampimi mzazi wake aliye hai akiwa amelala, maana ni kama kumchimbia kaburi. Mjukuu anaweza, kwa sababu kati ya mjukuu na nyanya kuna utani, na utani haupati laana. Tepu ya baba nayo ilikuwa imekatika mwanzo ikawa inaanzia inchi ya tatu, na Kukhu alikuwa ameiita tepu ya uongo tangu zamani. Kwa hiyo nilitumwa Kambi Muru na kamba ya katani. Kukhu alijinyoosha kitandani, akafunga fundo la kwanza kwenye dole gumba la mguu, mimi nikaivuta kamba hadi utosini nikaibana kwa vidole. Aliketi, akafunga fundo la pili pale nilipobana. Fundo lake lilikuwa lile la kufungia mizigo ya mboga, dogo na gumu kama punje ya mahindi. "Peleka kwa Ochieng', na usicheze nayo," aliniambia.

Nilitembea hadi nilipovuka barabara ya Ngong, nikaketi kwenye nyasi kando ya ukuta wa watu wenye pesa. Nilikuwa nimeshafikiri yote, na kwa akili ya miaka kumi hesabu ilikuwa rahisi. Kukhu amesema atapelekwa na gari likimtosha. Lisipomtosha, hatapelekwa. Nilililegeza lile fundo kwa meno. Kamba ilikuwa mpya na fundo halijakaza sawasawa, hata hivyo fizi zilitoka damu. Kisha nikafunga jingine, shubiri moja karibu zaidi na lile la kwanza, kwa namna pekee niliyoijua, ile ya kufunga kamba za viatu vya shule. Ochieng' aliipokea kamba bila kuitazama mara mbili. Aliitundika kwenye msumari, na kwa wiki tatu zilizofuata kila chuma kilichokatwa kilipimwa kwayo. Nilikuwa nikikaa pale nikitazama cheche.

Gari lilitoka na mbele ya rangi ya maziwa na nyuma ya buluu, maana pikapu iliyotoa mgongo wake ilikuwa ya buluu na pesa za rangi hazikuwepo. Lilinguruma vizuri. Lakini lilikaa kama limekatwa kabla halijamalizika, na watu wa Kongo, ambao hawahitaji siku mbili kumpa mtu jina, waliliita Kaptula. Baba hakujali. Jumapili alinipakia mimi na Ochieng' tukampelekea Kukhu alione, na nusu ya Kambi Muru ikatoka kutazama. Kukhu alilizunguka, akagusa usukani aliokuwa akiushika mumewe, kisha akaomba stuli. Alipanda, akalala chali mbele ya watu wote bila haya. Miguu yake ilipitiliza ukingo wa nyuma, viatu vyake vya plastiki vikaning'inia hewani, na watoto wakacheka.

Baba hakucheka. Kitanda cha futi sita nacho kisingeingia, na kazi yake yote ilikuwa vitanda. "Ochieng', umenikatia gari fupi!" alifoka. Ochieng' alitoa ile kamba mfukoni. "Buda, mimi sikati na macho. Nimekata na kamba. Cheki." Waliivuta juu ya boksi kutoka ukingo hadi ukingo, ikalingana bila kuzidi wala kupungua. Ochieng' akasema akiitwa mwizi wa chuma mbele za watu ataung'oa mgongo wa buluu aurudishe ulikotoka na kila mtu ashike lake. Baba akamwambia arudishe basi. Nilikuwa nimesimama katikati yao. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguoni mwa baba siku ile nilikuwa mimi. Ndipo Kukhu akaketi, akasema, "Lete hiyo kamba." Alipapasa fundo la kwanza kwa kidole, halafu la pili, na hilo la pili akakaa nalo sana. Alinitazama mimi, si mwingine. Kisha akasema kwa sauti ya kuwafikia wote, "Wachaneni na fundi. Ni mimi. Siku hiyo nilikuwa nimekunja magoti."

Watu walicheka tena, mpaka Ochieng' naye akacheka, na ugomvi ukaishia hapo. Jumamosi iliyofuata nilipoenda Kambi Muru, Kukhu alinipa kipande cha kamba na kunifundisha fundo lake, mara ya kwanza, ya pili, ya kumi, hadi vidole vikauma. "Hii ukiifunga haisongi mahali," alisema. Sikuulizwa kitu. Nilipoanza kulia alichukua kipande kingine akaendelea kufunga mboga zake. "Siku ikifika nitaenda tu, Nekesa. Nikikunja ama nisikunje." Njia ya mwongo ni fupi, husema Waswahili, ya kwangu ilikuwa fupi kwa shubiri moja kamili, na baba aliilipia kwa miaka. Kila kitanda kilichotoka kibandani mwake kilisafiri na mlango wa nyuma ukiwa wazi, mbao zikichungulia nje, kitambaa chekundu kikiwa kimefungwa mwishoni ili wenye magari waone.

Kukhu alifariki nikiwa nimeshamaliza shule. Kaptula ilimpeleka nyumbani, mwendo wa usiku na mchana, ikichemka kwenye milima na kupumzishwa. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi kama kawaida, na kwenye ncha ya jeneza baba alifunga kile kitambaa chekundu. Kaburini aliwasimulia waombolezaji jinsi mama yake alivyokunja magoti siku ya kupimwa, nao wakacheka huku wanalia. Mimi nilicheka pia. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata nyingine ilikuwa imeshafukiwa.

Mahali pa Ochieng' sasa pamesimama jengo la ghorofa saba, naye anafanyia kazi uchochoroni nyuma yake, akisaidiwa na mwanawe. Magari yanayopita mbele yao siku hizi hupimwa kwa kompyuta. Kaptula bado inaenda. Mwezi uliopita baba, ambaye amezeeka na aliurithi urefu wa mama yake, aliniita akasema anataka boksi lirefushwe. Sikuuliza kwa nini, maana vitanda aliacha kutengeneza siku nyingi. Alisema tu nimtumie binti yangu na kamba, akaongeza kwamba yeye hatakunja magoti, akacheka peke yake.

Binti yangu ana miaka tisa. Kabla ya kumtuma nilimfundisha fundo la Kukhu, mara ya kwanza, ya pili, ya kumi. Alirudi jioni na kamba ikiwa imekunjwa vizuri mfukoni. Nilisubiri atoke nje kucheza, nikaikunjua na kupapasa fundo la pili. Lilikuwa dogo na gumu kama punje ya mahindi. Nilijaribu kulifungua nilirudishe nyuma shubiri moja, kwanza kwa kucha, halafu kwa meno. Halikufunguka.