Majonzi Niliyomtafsiria Binti wa Kaka

Mama alifariki asubuhi, nyumbani kwangu Kijenge, nikiwa namtandikia shuka safi. Alihamia kwangu baada ya kiharusi kumlegeza upande wa kulia. Tangu hapo usiku nilikuwa naamka kumgeuza, na asubuhi nakwenda kufundisha Kiingereza macho yakiniwasha. Siku hiyo alivuta pumzi moja ndefu, akatulia. Nikamshika mkono. Kabla sijalia, kabla sijaita mtu, wazo lililonijia lilikuwa hili: leo nitalala.

Lilipita upesi, lakini nililisikia vizuri.

Majirani walipojaa sebuleni kila mmoja alinisifu. "Wewe umemtunza mama yako, Mungu atakulipa." Nikawa naitikia kwa kichwa. Kila sifa ilinichoma kuliko iliyotangulia.

Tulimpeleka kumzika kwao, Kikwe. Kaka yangu alifika kutoka Kanada na binti yake wa miaka kumi na minne, aliyezaliwa hukohuko. Kiswahili chake kilikuwa "shikamoo" na "asante", basi. Wanawake walikuwa wamekaa chini ya turubai wakimenya ndizi, na mama mdogo, yule anayemfuata marehemu kwa kuzaliwa, ndiye aliyekuwa akisimamia mapishi. Akamtazama yule binti alivyokaa kwenye kiti cha plastiki, macho makavu, mikono kaibana katikati ya magoti.

"Mwanangu," akaniambia, "hebu muulize huyu mtoto mbona halii. Au hakumpenda bibi yake?"

Nikamuuliza kwa Kiingereza kama ana huzuni. Nilitumia neno "sad". Lilipotoka tu nikaliona lilivyo dogo. Ndilo neno analolitumia mwanafunzi wangu akikosa namba kwenye timu ya mpira.

Akafikiri. Akasema hapana, si "sad" hasa. Lile jingine, "grief", aliona hana haki ya kulitumia. Kwa alivyolielewa yeye, hayo ni majonzi ya mtu aliyeondokewa na mtu aliyekuwa wake. Bibi hakuwa wake. Walikuwa wakisalimiana kwenye simu, shikamoo bibi, marahaba mjukuu wangu, halafu wote wawili wanaishiwa maneno na simu inarudi kwa baba. Alichokuwa nacho yeye ni "regret", majuto kwamba hakujifunza hata sentensi tatu za kumwambia. Kisha akainamisha kichwa, akaniambia kwamba siku habari ilipofika alifurahi kidogo, kwa sababu angekosa mtihani wa hesabu.

"Mimi ni mtu mbaya, Auntie?" akauliza kwa Kiingereza chake.

Mama mdogo alikuwa amenikazia macho. "Anasemaje?"

"Anasema ana majonzi mazito mno, hata machozi yamegoma kutoka."

Wanawake wakaguna kwa huruma. Mmoja akaweka kisu chini, akaja kumkumbatia na mikono yake yenye utomvu wa ndizi. Binti alinitazama juu ya bega la yule mama. Alijua maneno yale hayakuwa yake. Alipoachiwa akaniuliza nimewaambia nini. Nikamwambia nimesema "grief".

"Lakini si kweli," akasema. Uso ulimwiva.

Nikamchukua nyuma ya nyumba, karibu na zizi, na hapo nikamsimulia habari ya shuka na lile wazo langu. Sikuwa nimemwambia mtu. Niliweza kwa Kiingereza tu, kwa sababu Kiingereza kina neno "relief", neno safi, linasikika kama jina la dawa. Kwa Kiswahili ningelazimika kusema nimetua mzigo, na mtu angeuliza mzigo gani.

Alinisikiliza mpaka mwisho. "I'm so sorry, Auntie," akasema.

Nimefundisha lugha hiyo nusu ya maisha yangu, lakini pale nilisikia samahani. Nikamuuliza kwa nini aniombe msamaha, amekosa nini? Akababaika. Hakuwa akiomba msamaha, alikuwa akinipa pole. Kwao neno ni lilelile. Akalitafuta la kwetu, akalitamka vibaya, "pole," na hapo ndipo nilipolia kwa mara ya kwanza tangu mama aondoke. Alisimama pembeni yangu, hajui aweke wapi mikono.

Niliporudi chini ya turubai nikamwambia mama mdogo kwamba nimetafsiri vibaya. "Mtoto anasema hakumfahamu bibi yake vya kutosha kumlilia. Na anajuta."

Nilitarajia wamseme. Lakini mama mdogo akasema, "Basi mlete hapa nimfahamishe."

Akaanza kumsimulia jinsi yeye na dada yake walivyotumwa kuuza maziwa wakiwa wasichana, dada akawa anakunywa njiani na kujazia maji ya mfereji, mpaka siku mteja alipokuta kiluwiluwi kwenye kibuyu. Wanawake walicheka msibani bila kujizuia. Mimi natafsiri, na binti anacheka akiwa amechelewa kidogo. Hadithi hiyo hata mimi sikuwahi kuisikia. Miaka yote nimemlisha na kumwogesha, sikumuuliza habari za usichana wake.

Makaburini, baada ya mchungaji kumaliza, kaka alizungumza kwa niaba ya familia. Alisema yeye alikuwa mbali, dada yake ndiye aliyebeba yote bila kunung'unika. Watu wakaitikia amina. Nikatazama viatu vyangu vilivyojaa tope. Nilikuwa nimesahihisha maneno ya mtoto, ya kwangu nimeyaacha yalivyo.

Lile wazo langu nilimwambia mama mdogo baadaye sana, wageni wote wakiwa wameondoka. Tulikuwa tunapembua maharage uani kwake. Nilisema kwa Kiswahili, vibaya, nikirudiarudia. Hakuinua uso.

"Mimi nilimwomba Mungu amchukue," akasema. "Kila siku. Niliona anavyoteseka."

Nilitaka hilo linitoshe, na kidogo lilinipunguzia. Lakini yeye aliomba kwa ajili ya dada yake. Mimi nilikuwa nimejifikiria mwenyewe, na tofauti hiyo aliijua kama nilivyoijua, ila hakuisema. Akanisogezea ungo mwingine, akaniuliza binti wa kaka atafunga shule lini, aje tena.